Mtamba wa Sista Bertilla

Chuo cha Mifugo, Zambia
14 Mei 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa baridi ya huku ni ndugu yake na ya kwetu. Mwambie Mama soksi alizonifumia zimefika, na Angela, mwenzangu wa chumba, ameshaazima jozi moja na hana dalili ya kuirudisha.

Baba, nakuandikia kwa jambo moja, na naomba ulisome lote kabla hujaanza kukasirika. Mwisho wa mwezi huu darasa letu linavuka mpaka pale Kasesya kuja kutembea. Ijumaa tarehe 27 tutaingia Sumbawanga na kulala misheni, tuone mji na soko. Jumapili tukirudi tutapitia maporomoko ya Kalambo, maana wenzangu wa Zambia wameyaona ya upande wao mpaka wamechoka, wanasema huenda upande wetu maji yanaanguka vingine. Jumamosi tunakuja nyumbani Kasense.

Wanakuja kwetu kwa sababu yangu. Unajua mwaka mzima nimekuwa nikiandika habari za kundi letu: unavyochagua dume, unavyokumbuka ukoo wa kila ng'ombe kwa mama yake, unavyokataa kuuza majike. Ndiyo kazi yangu ya kumalizia masomo. Sasa ameisoma Sista Bertilla, mkuu wetu wa masomo ya mifugo, Mholanzi mmoja mfupi anayevaa buti za mpira Jumatatu mpaka Jumapili. Akaniita. Akasema, "Kija, ama hii ni kazi nzuri kuliko zote nilizosoma hapa, ama umekaa bwenini ukatunga. Nataka kuwaona hao ng'ombe." Akiwaona anatia sahihi, nami nahitimu. Asipowaona, kazi inatupwa na mimi narudi nyumbani bila cheti.

Kwa hiyo nakuomba, Jumamosi hiyo ng'ombe wawepo zizini. Wote. Najua mgeni akitaja ng'ombe wewe unaanza kukohoa. Usikohoe, Baba. Hawa ni wanafunzi tu.

Mwanao,
Kija

*

Kasense
20 Mei 1994

Mama (una jina la mama yangu mzazi, na sasa umeanza kuniamrisha kama yeye),

Marahaba. Barua imefika, na imefika imefunguka. Abdillah anasema gundi ya Zambia ni mbovu. Abdillah ana duka, ana lori, ana sanduku la posta ambalo nusu ya Kasense tunapitishia barua zetu, na tangu biashara iwe huria hakuna kitu anachokosa. Ila siku barua yangu ikifunguka, ndiyo siku gundi imemwishia. Hii nimeibandika kwa ugali wa jana. Atakayeifungua nitamjua kwa vidole.

Nimesoma yote kabla ya kukasirika, kama ulivyoagiza. Sasa niulize. Naambiwa Zambia nako kuna ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe kwao anakodi basi, anagongesha pasi mpakani, anakula vumbi, ili aje kutazama ng'ombe? Maporomoko nimeelewa, maji yakianguka hata mimi nitageuka. Soko nimeelewa. Lakini ng'ombe?

Halafu Jumamosi. Mtu anayekuja siku ambayo ofisi zote zimefungwa, ama hana shughuli na ofisi, ama anayo na hataki uikimbilie. Na huyo Sista wa buti za mpira, mimi nimeona masista tangu nikiwa kijana kule Shinyanga, na wote walivaa viatu vya kwenda kanisani. Buti anavaa mtu anayejua atakanyaga wapi.

Hujui maneno ya hapa tangu uondoke. Inasemekana sisi wenye mifugo mingi tutaambiwa tushuke bondeni, tuwaachie wakulima huku juu. Ukiuliza nani kasema, hakuna aliyesema. Jambo lililosemwa na mtu huwa ni porojo. Lisilosemwa na mtu, hilo ndilo lenye muhuri.

Mimi nilijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, kwa mwalimu aliyeshika chaki kama sigara, lakini somo moja nilijipatia mwenyewe: kila anayekuja kuhesabu ng'ombe huanza kwa kuwasifu.

Njooni. Mama yako atapika. Mtaona nitakachokuwa nacho.

Baba yako,
Limbu

*

Kasense
24 Mei 1994

Rafiki yangu Yonas,

Mwangaluka. Nimesikia huko kwako kwenye mteremko majani bado mabichi. Nina wageni wangependa kuyaonja. Kaka zake Kija watawaleta Alhamisi. Kaa nao mpaka nitakapokuita. Maziwa yako, mbolea yako, huna haja ya kuambiwa. Yule dume mwekundu usimchanganye na wa kwako, ana majivuno ya kukaa karibu na mji.

Hapa nabaki na wachache, wale ambao hata fisi akiwaona anaendelea na safari yake.

Barua hii ukiisoma ichome. Si kwamba nina hofu. Ni baridi tu, utapata moto.

Limbu

*

Sumbawanga mjini
30 Mei 1994

Mzee Limbu,

Salaam aleikum. Nakuletea sukari uliyoagiza na maneno haya machache.

Kwanza, mimi sisomi barua za watu.

Pili, ulikosea kubakiza wanne. Ungebakiza hata robo ya kundi, mtu angeamini. Wale vijana Ijumaa walipita dukani kununua betri na khanga, nikawaambia kwa nia njema, "Mnakwenda kwa Mzee Limbu? Viti visipotosha mtakalia ng'ombe." Walicheka mpaka yule Sista naye akacheka. Jumapili asubuhi wakasimama tena kujaza mafuta, na basi zima kimya kama limebeba maiti. Binti yako alikaa kiti cha nyuma peke yake, asinisalimu, mtoto aliyekuwa akiniamkia tangu hajui kufunga viatu. Mimi mfanyabiashara, nimeona nyuso za waongo wengi waliojulikana. Uso wa mkweli aliyegeuzwa mwongo nimeuona mara hiyo moja, na sikuupenda.

Tatu, yule mtu wa pikipiki sikumtuma mimi.

Abdillah

*

Chuo cha Mifugo
3 Juni 1994

Baba,

Shikamoo.

Wanne. Yule bibi kizee asiye na meno, yule kilema, na wale ndugu wawili wenye upele. Nimeandika mwaka mzima habari za ng'ombe wanaojaza kilima, na siku ya kuwaonyesha ukanipangia wagonjwa mlangoni.

Na wewe mwenyewe! Lile koti uliliokota wapi? Una makoti mawili mazima, Baba, moja nilikununulia mimi. Na ulikohoa. Nilikuomba usikohoe ukakohoa kuanzia shikamoo ya kwanza mpaka basi lilipowashwa. Mama naye, maskini, hajawahi kupika uji bila maziwa tangu aolewe. Akaupika uji mtupu wa ulezi kwa amri yako, ukaungua, wenzangu wakaunywa kwa adabu huku machozi yanawatoka.

Sista hakuwatazama wale wanne hata kidogo. Alilizunguka zizi lote, akafika katikati, akachimba samadi kwa kisigino cha buti, akachimba tena pembeni, akasimama. Kisha akakutazama wewe. Akaniambia nikwambie pole. Nikakwambia. Ukajibu, "Tumeshapoa," ukakohoa. Pole ya nini sijui, na wewe hukuuliza.

Kwenye basi hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Angela peke yake, karibu na Matai, aliniinamia akauliza taratibu, "Kija, kile kilima wanachokijaza ni kipi? Tumekipita?" Nilimwambia tumekipita.

Kalambo walishuka wakapiga picha. Mimi nilibaki ndani ya basi. Nimekulia Rukwa, na mpaka leo sijayaona hayo maporomoko.

Sista hajaniita bado. Kazi yangu iko juu ya meza yake, sahihi hakuna. Nakuuliza swali moja tu: wako wapi?

Kija

*

Kasense
12 Juni 1994

Mama,

Marahaba, ingawa umeiandika kama mtu anayelipa faini.

Hasira yako nimeipokea. Sasa pokea na yangu. Hamkuja peke yenu. Basi lenu lilipokata kona kuja kwetu, nyuma yake ilikuwako pikipiki. Mwanamume, koti la ngozi, kofia imeshuka machoni. Mlipokuwa mkinywa uji yeye alisimama nje ya uzio, anatazama zizi, anaandika kiganjani kwa kalamu. Mlipoondoka akaondoka. Niambie, ni mwenzenu? Kama ni mwenzenu, mbona hakupewa uji? Kama si mwenzenu, siku aliijuaje? Barua zenye tarehe zimepita mikono miwili tu kabla ya yangu, wa posta na wa Abdillah, na Abdillah amewahi kuniapia kabla sijamuuliza.

Na Sista wako anachimba samadi! Umri huu wote nimekaa na ng'ombe, nimeona watu wamekuja kutazama ndege, kutazama nyani, kutazama maji. Mtalii wa samadi sijamwona. Samadi ndiyo inayosema zizi limelaza wangapi na tangu lini. Wenzako walikuwa wanakunywa uji, yeye alikuwa anasoma. Mtu wa hivyo ananiambia pole, nimwamini? Nikamjibu lile la kumfungia mlango.

Wako salama. Wako wapi, usiulize kwa barua. Abdillah ana presha.

Kazi yako itakaa. Karatasi haili majani, inaweza kungoja.

Baba yako,
Limbu

*

Chuo cha Mifugo
30 Juni 1994

Baba,

Shikamoo.

Haiwezi kungoja. Sista ameniita, na sasa nimeijua ile pole ni ya nini.

Aliniketisha, akanimiminia chai mwenyewe. Akasema, "Zizi lile lililaza kundi kubwa. Samadi haidanganyi. Na sasa wamebaki wanne wagonjwa. Walikufa lini?" Baba, amedhani ni homa ya mapafu. Amedhani ng'ombe wetu wamekwisha, na mimi kwa uchungu nimekataa kukubali, nimekaa bwenini naandika habari za marehemu kana kwamba bado wanachunga. Alinishika mkono. Yule mama hajawahi kumshika mtu mkono, hushika kwato.

Ningesema nini? Nikisema wako hai, ataniuliza wako wapi, na huo mdomo ni wako si wangu. Nikisema wamekufa, nimewaua kwa ulimi. Nikanyamaza. Akadhani ninalia ndani kwa ndani, akanimiminia chai nyingine.

Matokeo yake ni haya. Amesema kazi juu ya kundi lililokufa haiwezi kusahihishwa, hata iwe nzuri vipi. Mwisho wa Agosti nirudi nyumbani nikawasaidie wazazi, kisha mwakani nikipata nguvu nianze upya na ng'ombe wa watu wengine. Mwakani hakuna nafasi, Baba. Waombaji wamejaa.

Kuna na la pili, hili naliandika kwa aibu. Darasa limechanga. Hata Angela. Wameiomba misheni ya Sumbawanga iwatafutie mtamba mzuri, ambaye hajazaa, na gari la misheni litamleta kwako. Ni sadaka, Baba. Wanafunzi wanaokopeshana sabuni wamempa sadaka ya ng'ombe Limbu wa Kasense.

Nakusihi. Huyo mtamba akija mkatae, useme kwa nini. Au waite wale wengine warudi, Sista aje awaone. Moja kati ya hayo. Ukikaa kimya mimi nimekwisha.

Kija

*

Kasense
5 Julai 1994

Mama yangu,

Hujambo? Barua yako yoyote baada ya ile ya hasira sijaiona, kwa hiyo kama umeandika, habari yangu inatangulia yako. Na mimi nina habari.

Jana asubuhi gari la misheni lilisimama hapa. Nikavaa koti lile bovu. Nikaanza kukohoa. Dereva akashusha mtamba, mweusi, tumbo jeupe, mgongo umenyooka kama meza. Akanipa kikaratasi cha Sista Bertilla, kwa Kiswahili chake mwenyewe cha kuokoteza. Nakinakili: "Bwana Limbu. Tunza ng'ombe huyu. Nitakuja kumwona."

Nilikisoma mara ya kwanza nikakaa. Mara ya pili nikavua lile koti.

Wewe umezaliwa zizini, sina haja ya kukueleza, lakini nataka kuyasema kwa kuwa yamenifurahisha. Mwenye akili haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Anamkabidhi rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, analimia, mbolea anatia shambani. Ng'ombe na ndama wake wanabaki mali ya mwenyewe. Akifa, unampelekea ngozi aione kwa macho yake. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Mtu humkabidhi ng'ombe yule tu anayemwamini, na siku ya kumkabidhi anasema maneno gani? Mtunze, nitakuja kumwona.

Nikajiuliza, mzungu huyu ana haja gani ya kuficha ng'ombe? Nikamuuliza dereva, "Masista wanaruhusiwa kuwa na mali?" Akasema, "Mzee, hata shuka wanalojifunika si lao, ni la shirika." Basi nikaelewa lote. Mama wa watu ameapa ufukara mbele ya Askofu, na huku moyo wake uko kwa ng'ombe. Atamweka wapi? Ndiyo maana Jumamosi. Ndiyo maana alizunguka zizi. Kumbe kisigino kile hakikuwa kinatuhesabu! Alikuwa anapima kama pangu panafaa.

Na mimi mbele ya mtu kama huyo nikakohoa.

Mtu aliyenikabidhi ng'ombe siwezi kumfungia zizi. Ni haramu kwetu, hata kama haijaandikwa popote. Yonas nimemwandikia, wanarudi juma lijalo, wote, kwa njia ya mchana. Yule wa pikipiki akiwaona, amewaona. Nimepima, nikaona afadhali kuwaogopa watu wa ofisi kuliko kumwonea haya mwenye ng'ombe.

Mwambie Sista mali yake inakula vizuri. Mwambie kwa siri, asisikike. Na aje.

Baba yako,
Limbu

*

Chuo cha Mifugo
16 Julai 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yangu ya tarehe 30 Juni, kama haijakufikia, siku itakapofika usiisome. Mpe Abdillah.

Yako nimeisoma nimekaa kitandani, kisha nimesimama, kisha Angela akaniuliza nacheka nini au nalia nini. Nikaenda nayo kwa Sista. Nikamtafsiria kwamba ng'ombe wako hai na wanarudi. Nikaona rangi yake inabadilika. Akasema, "Hai? Walikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Kwa rafiki."

"Kundi zima? Rafiki gani huyo?"

"Rafiki wa kukabidhiana ng'ombe. Ndivyo tunavyofanya."

Akazunguka meza, akatazama dirishani, nje alikofungwa dume wa chuo. Akasema kwa ukali, "Kwa nini kwenye kazi yako hukuandika hilo hata mstari mmoja?" Ni kweli sikuandika. Nilijifunza kwako, Baba, kwamba hilo haliandikwi. Akaniambia niliandike sasa, sura nzima, na kwamba hatii sahihi mpaka asimame katikati yao kwa miguu yake. Sasa ananishuku kuliko mwanzo. Marehemu waliofufuka hakuna mwalimu anayewapokea kwa urahisi.

Tutakuja mimi na yeye, Jumamosi tarehe 6 Agosti, kwa gari la chuo. Ile habari ya Askofu sikumtafsiria. Wala sikumwambia kwamba huku kwetu amekuwa mwenye ng'ombe. Nilikusudia kumwambia nikashindwa pa kuanzia. Na wewe sijui nikwambie nini. Naogopa mkionana mmoja wenu atafungua mdomo, na yote yatamwagika.

Mwanao,
Kija

*

SIMU YA MAANDISHI
9 AGOSTI 1994
KWA LIMBU, KUPITIA ABDILLAH, SUMBAWANGA
SISTA AMETIA SAHIHI. KIJA

*

Kasense
15 Agosti 1994

Mama,

Simu imefika. Abdillah aliileta mwenyewe kwa lori, tupu, bila mzigo, akapiga honi tangu kule Izia mjini. Simu huwa wazi kwa kila mtu, kwa hiyo safari hii ameisoma kihalali, akanipongeza kabla sijaipokea. Mama yako amepika uji kwa maziwa, sufuria mbili, akawapa mpaka wapita njia. Mimi nimevaa koti ulilonunua.

Na barua yako ya tarehe 30 Juni nayo imefika jana. Abdillah anasema ilikuwa chini ya gunia la sukari. Uliniandikia nisiisome. Nimeisoma.

Nilicheka kwanza. Kisha kicheko kikaniishia nikakaa nayo zizini mpaka mama yako akaja kuniita. Kumbe mlinihurumia. Kumbe yule mtamba mweusi ni michango ya watoto wanaokopeshana sabuni. Na kile kikaratasi, "nitakuja kumwona," kilikuwa maneno ya mtu anayemtembelea mgonjwa.

Sasa nikairudia ile Jumamosi ya juzi, na nataka uniangalizie kama nakumbuka sawa, maana wewe ulikuwa katikati yetu ukitafsiri, uso wako umekauka kama ngozi iliyoanikwa. Ng'ombe walipokuwa wanaingia, Sista alisimama mlangoni akawaacha wampite huku na huku. Hakuandika kitu. Alipomwona yule dume mwekundu alisema neno kwa Kiingereza, ukainama. Sikuuliza ni neno gani, nimeona limekufaa. Nikamwonyesha mtamba wake. Nikampa hesabu yake kama inavyompasa mwenye mali: anakula, hana kupe, amepandwa na dume mwekundu, ndama akizaliwa ni wa kwake, maziwa nitakunywa mimi kwa haki ya utunzaji. Wewe ukatafsiri, sauti ikaingia ndani.

Akafungua mdomo. Alitaka kusema, "Bwana, huyu si wangu, huyu ni wako, tulikupa." Leo ndiyo najua alitaka kusema hivyo. Akakutazama wewe. Akanitazama mimi, na kundi nyuma yangu. Akafumba mdomo. Akauliza, "Usiku analala upande gani? Asikanyagwe na wakubwa."

Mama, hilo ni swali la mwenye ng'ombe. Hakuna mtoa sadaka anayeuliza sadaka yake imelala upande gani.

Kwa hiyo alijua nimekosea, akalikubali kosa langu liwe kweli. Na mimi leo nimejua, nami nalikubali. Sadaka ya ng'ombe nisingeipokea, mwenye kundi haipokei, ningemrudisha na tungeachana kwa adabu, kila mtu na njia yake. Amana inatufunga mpaka mmoja wetu afe, na hata hapo kuna ngozi ya kupelekwa. Tumekwisha kupatana hivyo, mimi na yeye, bila kuambizana. Asitokee mtu wa kutusahihisha. Wewe hasa, mwenye cheti.

Yule wa pikipiki alikuja Jumatatu iliyopita. Alikuwa na karatasi, na safari hii alipiga hodi. Ni kijana mpole, koti la ngozi ni la mtumba, mkono mmoja mrefu. Amenikaribisha kwa maneno mazuri nishuke bondeni kabla ya mvua, nikawe huko na ng'ombe wangu wote aliowaona wakirudi. Alianza kwa kuwasifu. Usiniandikie kwamba ni kwa sababu yako. Ningewaficha mwaka huu, na mwakani, na siku moja Yonas angechoka. Nimemnywesha maziwa, akaomba kikombe cha pili.

Tunahama Jumatano, saa za mchana, kwa barabara kubwa, tupite mbele ya maduka watu wakitoka nje kutazama. Mama yako anakunja mikeka, ameshafunga na ile sufuria kubwa. Kaka zako watawaswaga kutoka nyuma. Mbele nimemweka mtamba wa Sista, maana mali ya mtu haikai nyuma penye vumbi.

Baba yako,
Limbu